Hazel Scott na Sharti la Mkataba

Historia ya Weusi wa Marekani kudai haki zao za uraia, inaposimuliwa kwetu, aghalabu huanzia Desemba 1955, pale Rosa Parks alipokataa kumwachia Mzungu kiti chake ndani ya basi mjini Montgomery, ikamalizikia Aprili 1968 alipouawa Martin Luther King. Masimulizi ya namna hii ni rahisi kukumbukwa, lakini yanawaacha nje watu wengi waliotangulia, ambao hawakuwa na chama wala umati wa kuwafuata barabarani, na ambao silaha yao ilikuwa ni kazi ya mikono yao tu. Mmojawapo ni Hazel Scott, mpiga piano wa jazi. Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake, na hasa kulitazama kwa karibu jambo moja ambalo wengi hulitaja kwa kupita tu: kwamba mwanamke huyu alipigana vita vyake kwa karatasi. Alidai sharti, likaandikwa, likatiwa sahihi. Na pale upande wa pili ulipolivunja, alifunga piano akaenda zake.

Huenda msomaji akauliza maisha ya mpiga piano yanahusu nini katika jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba mkataba nao ni matini, tena ni matini yenye nguvu kuliko nyingi tunazozifundisha. Sentensi moja iliyokaa mahali pake katika mkataba huweza kumfunga mtu ambaye hotuba nzima isingemgeuza moyo. Hazel Scott alilijua hilo mapema, nalo lilimfikisha mbali. Halafu ikaja matini ya aina nyingine, isiyotiwa sahihi na mtu, ikamwangusha.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 11 Juni 1920. Mama yake, Alma Long Scott, alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa piano. Baba yake, mtu wa elimu, hakukaa sana katika maisha ya mtoto huyu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitatu alikwenda mwenyewe kwenye piano akapiga wimbo wa dini ambao bibi yake alizoea kumwimbia, bila ya kufundishwa na mtu. Mwaka 1924 mama, bibi na mtoto walihamia Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, ambao wakati ule ulikuwa umefurika watu kutoka majimbo ya Kusini na kutoka visiwa vya Karibi. Mama alifanya vibarua kwanza. Baadaye akajifunza saksafoni, akapiga katika bendi ya wanawake iliyoongozwa na Lil Hardin Armstrong, kisha akaunda bendi yake mwenyewe. Nyumba yao ikawa kituo cha wapigaji. Art Tatum alifika hapo, na Fats Waller pia, na Lester Young. Na mtoto huyu alikuwa akiwasikiliza watu hao kama watoto wengine wanavyowasikiliza wajomba zao.

Alipokuwa na umri wa miaka minane mama yake alimpeleka katika chuo cha muziki cha Juilliard. Kanuni za chuo hazikuruhusu mwanafunzi aliye chini ya miaka kumi na sita. Hata hivyo alikubaliwa kusikilizwa, naye akapiga preludi mashuhuri ya Rachmaninoff. Preludi ile inataka mkono mpana, kwani vidole huhitajika kuzikamata kwa pamoja sauti mbili zenye umbali unaozidi oktava nzima. Mkono wa mtoto wa miaka minane haufiki huko. Basi Hazel, badala ya kuacha au kukosea, alizikaribisha sauti zile, akapiga ile ya sita mahali pa ile ya tisa, na utungo ukaendelea bila ya kuvunjika. Inasemekana mmoja wa wakuu wa chuo alighadhibika kusikia kazi ya Rachmaninoff ikigeuzwa. Lakini Profesa Oscar Wagner, aliyekuwa akimsikiliza mtoto, alitambua ni nini kilichokuwa mbele yake, akajitolea kumfundisha mwenyewe. Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi kama ushahidi wa kipaji. Sisi tungependa kukichukua pia kama dalili ya tabia: alikutana na kitu kilichotungwa kwa ajili ya mikono isiyo yake, akakibadili kwa kipimo cha mikono yake mwenyewe.

Desemba 1938 mfanyabiashara mmoja aliyewahi kuuza viatu, Barney Josephson, alifungua kilabu cha muziki katika mtaa wa Greenwich Village, akakiita Café Society. Ili kuelewa kilichokuwa kipya hapo yafaa tukumbuke desturi ya New York ya siku zile. Katika vilabu vikubwa Weusi walipiga muziki, wakacheza na kuimba, lakini waliokaa mezani walikuwa Wazungu. Katika vilabu vingine Mweusi aliyelipa fedha zake aliwekwa pembeni, nyuma ya nguzo. (Wazee wetu waliozipita hoteli za Nairobi kabla ya Uhuru, wakiruhusiwa kuingia kwa mlango wa jikoni tu, hawahitaji kuelezwa zaidi.) Josephson aliwaketisha watu wote pamoja. Ndipo hapo Billie Holiday alipoimba katika miezi ya kwanza; na alipoondoka mwaka 1939, kabla ya muda wake kwisha, alimpendekeza rafiki yake Hazel, aliyekuwa hajatimiza miaka ishirini, ashike nafasi yake.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ile ya kuchanganya. Angeanza utungo wa Bach au Chopin au Liszt kama ulivyoandikwa, kwa nidhamu yote aliyofundishwa na Profesa Wagner, hata msikilizaji akakaa wima kwenye kiti chake. Kisha kidogo kidogo mkono wa kushoto ungeanza kuyayumbisha mapigo, sauti za jazi zingepenya, na kabla ya mwisho utungo ule ungekuwa umegeuka bugi-wugi kamili. Mwaka 1940 kampuni ya Decca ilitoa mkusanyo wa sahani zake za namna hiyo, nao ulinunuliwa sana. Oktoba mwaka huo Josephson alifungua kilabu cha pili katika sehemu ya matajiri ya Manhattan, na Hazel akawa nyota wake. Kufikia 1945 mapato yake yalikisiwa kuwa dola 75,000 kwa mwaka, fedha ambazo wapigaji wengi wa wakati wake, Weusi kwa Wazungu, hawakuzikaribia.

Kuna wahakiki walioudharau uchanganyaji huu, wakasema ni kiini macho cha kuwafurahisha walevi, kwamba haukuwa Chopin wala haukuwa jazi. Si haki kulipuuza neno lao moja kwa moja. Kusema kweli baadhi ya sahani zile, ukizisikiliza mfululizo, zinachosha, kwa kuwa ukishausikia ule mgeuko mara tatu huushangai tena mara ya nne. Lakini wahakiki hao hawakuuona upande mwingine. Wakati ule Mweusi aliyesoma muziki wa Ulaya kwa ukamilifu hakuwa na jukwaa la kuupigia. Kumbi za muziki huo zilimtazama kama mgeni. Hazel aliufikisha muziki huo katika ukumbi uliokuwa tayari kumpokea, na kila usiku akawaonyesha waliokuwapo kwamba angaliweza kuumaliza kama ulivyoandikwa, lau angalitaka.

Ni katika miaka hiyo ndipo masharti yalipoanza. Alipozunguka majimboni kutoa maonyesho, mikataba yake iliweka wazi kwamba hatapiga mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Sharti hili halikuwa la mapambo. Katika majimbo ya Kusini utengano ulikuwa ni sheria, na mwenye ukumbi aliyetia sahihi alijua kwamba ama angevunja mkataba ama angekwenda kinyume na desturi ya mji wake. Mwaka 1948 alifika Austin, Texas, akakuta watu wamekwisha kugawanywa, Weusi upande wao na Wazungu upande wao. Alikataa kupanda jukwaani, akatolewa nje ya mji chini ya ulinzi wa askari. Hoja yake aliyowaeleza waandishi wa habari ilikuwa nyepesi mno hata ikawa vigumu kuijibu: itakuwaje mtu atoke kwake kuja kumsikiliza Mweusi, kisha akatae kukaa karibu na mtu aliye Mweusi kama yule yule anayemsikiliza?

Sinema ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Katika Hollywood ya miaka ya 1940 mwanamke Mweusi alikuwa na nafasi moja: kuwa mtumishi. Alivaa aproni, akafungua mlango, akachekesha, akaondoka. Hazel alizikataa nafasi za namna hiyo alizopewa, nne kwa hesabu, kisha akakubali kuingia katika filamu kwa masharti yake: angevaa nguo zake mwenyewe na vito vyake mwenyewe, angekaa kwenye piano, na katika orodha ya wachezaji angetajwa kuwa Hazel Scott, akiwa yeye mwenyewe. Kwa masharti hayo alionekana katika filamu tano zilizotoka kati ya 1943 na 1945. Mwenzake Lena Horne naye, katika miaka hiyo hiyo, alikuwa amepata mkataba uliomlinda na nafasi za utumishi, na watu wa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, walikuwa wakilisukuma jambo hilo kwa jumla. Lakini Hazel alifika huko akiwa tayari na jina na mapato, na mwenye mapato anaweza kukataa.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wanaomsifu hulisahau. Sharti la kuonekana akiwa yeye mwenyewe lilikuwa na gharama. Mtu aliye yeye mwenyewe hana nafasi ndani ya hadithi. Hapendi, hagombani, hafi. Anakuja, anapiga piano kwa dakika chache, anaondoka, na hadithi ya Wazungu inaendelea kana kwamba hakuwapo. Studio zililipenda jambo hili kwa sababu yao wenyewe, kwa kuwa kipande kisichofungamana na hadithi huweza kukatwa filamu inapopelekwa Kusini, na vipande vya wasanii Weusi vilikatwa hivyo. Basi sharti lililomwokoa na aproni ndilo lililorahisisha kazi ya mkasi. Sidhani kwamba hakuliona. Nadhani alilipima, akaona kwamba heri kutokuonekana kabisa mjini Jackson kuliko kuonekana kila mahali akiwa na beseni mkononi.

Aproni hata hivyo ilimfuata. Mwaka 1943 studio ya Columbia ilikuwa ikitengeneza filamu iitwayo The Heat's On, ambayo nyota wake alikuwa Mae West. Hazel alikuwa na kipande ndani yake, cha kuwaaga askari Weusi wanaokwenda vitani, na pamoja naye walikuwapo wanawake Weusi wa kucheza ngoma ambao ndio waliokuwa wake na wachumba wa askari hao. Siku ya kupiga picha aliona kwamba wanawake wale wamevalishwa aproni, tena aproni zenyewe zimepakwa uchafu makusudi zionekane za kazi. Yeye mwenyewe hakuguswa. Mkataba wake ulimlinda, na nguo yake ilikuwa safi. Lakini aliuliza ni mwanamke gani anayekwenda kumuaga mume wake anayekwenda vitani akiwa na aproni chafu. Hakupata jibu, akaacha kazi. Kwa muda wa siku tatu piano haikupigwa, na kila siku studio ilikuwa ikipoteza fedha. Mwishowe aproni ziliondolewa, wanawake wakavalishwa magauni yenye maua, na picha zikapigwa.

Katika maisha yake yote hakuna tendo linalotufunza zaidi juu yake kuliko hili, kwa sababu hapa hakuwa na karatasi. Mkataba haukusema lolote juu ya mavazi ya wacheza ngoma. Alichotumia ni kitu kilichobaki nje ya mkataba, nacho ni uwezo wa mfanyakazi kukaa kitako. Mkuu wa studio, Harry Cohn, aliapa kwamba mwanamke huyo hatakanyaga tena studio ya filamu muda wote yeye akiwa hai. Zilikuja filamu mbili nyingine, lakini baada ya hizo mlango wa Hollywood ulikuwa umefungwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Agosti 1945 aliolewa na Adam Clayton Powell, mchungaji wa kanisa la Abyssinian Baptist la Harlem, aliyekuwa ameingia Congress mwanzoni mwa mwaka huo kuwa mjumbe wa mtaa huo. Hayo yalikuwa maungano ya majina mawili makubwa, na mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume. Mchungaji hakupenda mke wake apige katika vilabu vya usiku, kwa hiyo Hazel aliviacha, akageukia kumbi za maonyesho.

Wiki chache tu baada ya harusi, Oktoba 1945, aliomba kupiga katika ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington. Ukumbi huo ulikuwa mali ya chama cha mabibi wanaojidai kizazi cha waliopigania uhuru wa Marekani, na chama hicho nacho kilikuwa na sharti lake: ukumbi ni wa wasanii Wazungu peke yao. Sharti hilo hilo ndilo lililomzuia mwimbaji Marian Anderson mwaka 1939, hata Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa wakati ule, akajiuzulu uanachama. Basi yalikutana masharti mawili yaliyoandikwa, moja likisema sipigi mahali panapotenga, la pili likisema hapana mlango kwa asiyekuwa Mzungu. Na la pili ndilo lililokuwa na jengo. Powell alimwandikia Rais Truman. Truman alijibu kwamba anauchukia ubaguzi lakini hawezi kuingilia shughuli za watu binafsi. Na siku hizo hizo mkewe akahudhuria karamu ya chai ya chama kile kile. Kwa desturi ya Wamarekani mke wa rais huitwa bibi wa kwanza wa nchi. Powell alimwita hadharani bibi wa mwisho. Truman hakumsamehe, na mlango wa Ikulu ulifungwa kwa mjumbe huyo kwa muda wote wa utawala wake. Mzozo ukawa wa wanaume wawili, na mpiga piano aliyenyimwa ukumbi akasahaulika katikati yao.

Mwaka 1949 alipigana vita vingine mbali na kelele za Washington. Akiwa safarini katika jimbo la Washington, lililo kaskazini-magharibi mwa nchi, aliingia pamoja na mwenzake katika mkahawa mmoja wa mji wa Pasco. Wakaambiwa kwamba Weusi hawahudumiwi. Polisi nao hawakuwasaidia. Jimbo hilo halikuwa la Kusini, wala hapakuwa na sheria ya kutenga. Palikuwa na mazoea tu, na mazoea hayana mwandishi wa kushitakiwa. Hazel aliwashitaki wenye mkahawa. Aprili 1950 mahakama ilimpa ushindi, na fidia ya dola 250. Fedha hizo zilikuwa kidogo sana kwake, lakini hukumu ilikuwa imeandikwa, na watetezi wa haki katika jimbo hilo waliitumia kulihimiza baraza lao la kutunga sheria. Mwaka 1953 sheria ya kukataza ubaguzi katika mahali pa umma ikapitishwa. Miaka hiyo Montgomery ilikuwa bado haijasikika.

Kiangazi cha mwaka huo huo wa 1950 ndipo alipofika kileleni. Shirika la televisheni la DuMont lilimpa kipindi chake mwenyewe, The Hazel Scott Show, kilichoanza kuonyeshwa nchi nzima tarehe 3 Julai. Kilikuwa cha dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kuwa na kipindi chake katika televisheni ya taifa. Hakuvaa aproni wala hakuwa mtumishi wa mtu. Alikaa kwenye piano akiwa na gauni la jioni, akapiga, akaimba, akawakaribisha watu katika sebule zao wenyewe.

Siku kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 22 Juni, kilikuwa kimetoka kijitabu kinachoitwa Red Channels. Kilitungwa na watu binafsi waliojipa kazi ya kuwasaka Wakomunisti, nacho kiliorodhesha majina ya watu 151 wa redio, televisheni na michezo, na mbele ya kila jina vyama na mikutano ambayo mtu huyo alidaiwa kuhusika nayo. Jina la Hazel Scott lilikuwamo. Kijitabu hakikumshitaki mtu kwa kosa. Hakikusema kwamba fulani ni Mkomunisti. Kilipanga majina tu, kikanyamaza, na wenye kampuni waliokuwa wakilipia vipindi wakasoma wenyewe yaliyobaki.

Ama yaliyoandikwa juu yake, mengi yalitokana na maonyesho ya hisani aliyoyafanya na majukwaa aliyoyapanda wakati Marekani na Urusi zilipokuwa upande mmoja wa vita, na kilabu cha Café Society chenyewe kilitazamwa kwa jicho baya. Angeweza kukaa kimya akangoja yapite. Badala yake aliomba mwenyewe kusikilizwa na kamati ya Congress iliyokuwa ikichunguza mambo hayo, ijapokuwa watu wa karibu naye walimwonya. Tarehe 22 Septemba 1950 alifika akiwa na maelezo aliyoyaandika, akayasoma. Alikana kwamba alikuwa Mkomunisti. Alikiri kwamba aliwahi kumuunga mkono Benjamin Davis, mtu wa chama hicho, alipogombea kiti katika baraza la mji wa New York, akaeleza sababu zake. Kisha akaigeukia kamati yenyewe, akaitaka iwalinde watu waliotajwa pasipo ushahidi, na iwape wasanii njia ya kujibu kabla ya kunyang'anywa riziki zao.

Maelezo yake ni ya mtu anayeamini kwamba neno likiandikwa vizuri na kutiwa sahihi litasimama. Alikuwa amezoea kushinda hivyo. Lakini safari hii hakukuwa na upande wa pili wa kufungwa na neno hilo. Mwenye ukumbi wa Austin alikuwa na jina. Harry Cohn alikuwa na jina. Wenye mkahawa wa Pasco waliitwa mahakamani wakafika. Orodha haikuwa na mtu. Waliolipia kipindi hawakusema kwamba wanamfukuza kwa sababu ya orodha. Walisema tu kwamba hawaendelei. Tarehe 29 Septemba, wiki moja baada ya ushahidi wake, kipindi kilifungwa. Kilikuwa kimedumu muda wa miezi mitatu.

Baada ya hapo kazi ilipungua Marekani, afya yake ikatetereka, na ndoa yake ikaanza kulegea. Katika kipindi hiki cha giza, ajabu ni kwamba ndipo alipoacha kazi ambayo wajuzi wa jazi huihesabu kuwa bora kuliko zote. Januari 1955 aliingia studio pamoja na Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma, wakarekodi sahani iitwayo Relaxed Piano Moods, iliyotolewa na kampuni ndogo ambayo Mingus na Roach wenyewe walikuwa waanzilishi wake. Humo hamna mzaha wa kumgeuza Chopin. Mkono wa kulia unasema machache, unangoja, unasema tena. Na wale vijana wawili, ambao wakati ule walikuwa ndio jazi mpya yenyewe, wanampigia kama mkubwa wao. Anayetaka kumjua mpiga piano huyu aanzie hapo.

Mnamo 1957 alikwenda Paris kwa kazi ya wiki chache, akabaki karibu miaka kumi. Aliachana na Powell mwaka 1960, na mwaka uliofuata akaolewa tena, ndoa ambayo nayo haikudumu. Nyumba yake ya Paris ikawa kama ile ya mama yake kule Harlem: alifika Lester Young, Mary Lou Williams, Dizzy Gillespie, na mwandishi James Baldwin. Agosti 1963, watu walipokuwa wakijiandaa kuandamana kwenda Washington, Baldwin, Hazel na Weusi wengine waliokuwa wakiishi Paris walikwenda kwa miguu hadi ubalozi wa Marekani kuonyesha kwamba wako pamoja nao. Ndiye yule ambaye miaka kumi na minane kabla ya hapo alikuwa amefungiwa ukumbi katika mji huo huo wa Washington.

Aliporudi nyumbani mwaka 1967 sheria kubwa mbili, ya 1964 na ya 1965, zilikuwa zimekwisha kupitishwa. Utengano alioukatalia katika mikataba ulikuwa sasa umekatazwa na taifa zima, na mpiga piano hakuhitaji tena kuweka sharti hilo. Lakini vijana hawakumjua. Muziki uliokuwa ukivuma ulikuwa wa namna nyingine, na aliyekuwa akijaza kumbi alipiga katika vilabu vidogo na kuonekana mara chache katika michezo ya televisheni. Alifariki New York tarehe 2 Oktoba 1981, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Jina lake lilikaa kimya kwa muda mrefu, mpaka Karen Chilton alipoandika kitabu kizima cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2008.

Vipindi vyake vya televisheni haviwezi kutazamwa leo; hakuna hata kimoja kinachojulikana kuwa kimesalia, kwani mengi ya maktaba ya DuMont yaliteketea baada ya shirika hilo kufa. Kilichosalia ni filamu, vile vipande ambavyo mkasi wa Kusini ulikuwa ukivitoa. Februari 2019, katika sherehe ya tuzo za Grammy, mwimbaji Alicia Keys alikaa kati ya piano mbili akazipiga kwa wakati mmoja, mkono huku na mkono huku, akamtaja Hazel Scott kuwa ndiye aliyemtia hamu hiyo. Watu wengi walimtafuta usiku huo. Walichokipata ni kipande kutoka The Heat's On, filamu ile ile ya aproni: piano mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, na mwanamke kijana kati yake aliyevaa nguo yake mwenyewe.